Wa Kwanza Kula Uyoga

Bunia, tarehe 14 Aprili 1983

Kwa mama yangu mpenzi Madeleine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Kule. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Lubero? Na dada Godelive, bado anakuudhi kwa kuimba akisonga ugali? Sisi tu wazima, na safari hii nina la kujisifia, kwa hiyo kaa vizuri.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba baba mkwe wangu, Muzee Isidore, ameharibika tumbo. Dawa za hospitali ziliua amibe, wale wadudu wa tumboni, lakini tumbo lenyewe lilibaki bovu, kila anachokula kikipita kama maji. Januari alikuwa amebaki mifupa, akamwomba Kule amrudishe Lubero akafie karibu na kaburi la mdogo wake. Kule alilia. Mimi nilikataa katakata. Binti wa Madeleine ashindwe na tumbo la mtu mmoja?

Tatizo ni kwamba huyo mdogo wake aliuawa na uyoga. Alipewa ugenini, na aliyeuchuma hakuula kwanza na kusubiri hadi kesho yake, kama sisi tunavyofanya. Tangu hapo Muzee hataki uyoga uingie nyumbani kwake.

Basi nilidanganya. Nilichukua uyoga mkavu wa kichuguu ulionitumia, nikautwanga, nikauchemsha taratibu bila mafuta kama ulivyonifundisha, nikasema ni supu ya samaki wadogo wa Kasenyi. Wiki ya kwanza alimeza kwa shida. Ya tatu akaomba kuongezwa. Mwezi wa Machi daktari aliuliza anakula nini. Nikajibu samaki, nikatazama pembeni. Leo anapalilia maharage yake mwenyewe na kunigombeza kwamba chumvi haitoshi. Nikajiona mganga mkuu kabisa!

Sasa, mama, usikasirike. Uyoga wako uliisha mvua zilipoanza. Uliofuata niliuchuma mwenyewe kwenye njia ya Iga Barrière, na aina moja sikuijua vizuri. Desturi yetu sikuivunja: kila chungu, tangu ule wako, nilikula kwanza peke yangu jikoni, Muzee akapewa kesho yake. Lakini nilikula nikijua nina mimba. Sasa ni miezi mitatu. Nilikuficha kwa sababu ya zile mbili zilizotoka, na kwa sababu ungenikataza. Niliogopa kila kijiko.

Jana nilikuwa nimeinua kijiko Muzee alipoingia jikoni. Nilidhani atamwaga chungu chote. Aliniambia alijua tangu bakuli la kwanza, maana pua yake haijazeeka; alikubali kula kwa sababu kila mara aliniona, kwenye ufa wa mlango, nikila kabla yake. Halafu akaninyang'anya kijiko.

“Weye iko na mimba,” alisema. “Tangu leo, miye njo nitakula wa kwanza.”

Alikula, akakaa kwenye kigoda, akanikataza kugusa chungu. Sikulala vizuri. Asubuhi hii nimemsikia akidai chai, nikalia kwa furaha.

Mama, tuma uyoga wako haraka, ule unaoujua wewe. Sitaki muzee wangu aonje tena kwa ajili yangu.

Msalimie Godelive, na goti lako ulipake mafuta ya moto.

Ni mimi mtoto wako,
Vahwere