Matuta Yaliyonyooshwa kwa Ajili ya Picha

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Aprili.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Jiwe nililolitumbukiza kisimani wiki tatu zilizopita halikulia chubwi. Lililia pu, kama ngumi kwenye godoro. Sauti hiyo haijanitoka, na ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Lakini kwanza afya, nisije nikaambiwa shule imeniharibu adabu. Hujambo? Presha imeshuka? Mama Mdogo miguu yake imeacha kuvimba? Sisi hatujambo, ila Mama anaumwa mgongo. Anachota maji kwa jirani, safari nne kila siku, kwa sababu kisima chetu kimejaa matope. Matope hayo ni yako.

Unakumbuka ulivyotuambia kwenye simu? "Hayo matuta mbona yamepinda kama njia ya mlevi? Nyoosheni, nina watu wa kuwaonyesha picha." Yalipinda kwa sababu mlima wenyewe umepinda. Mama na marehemu Baba waliyapima hatua kwa hatua, kwa fremu ya miti mitatu yenye jiwe linaloning'inia kwenye kamba, ili kila tuta likae usawa mmoja na maji ya mvua yasimame, yanywewe na udongo. Kwa miaka kumi na moja mvua haikutuchukulia hata karai moja la udongo.

Ukatuma trekta. Dereva, yule tunayemwita Breki Hakuna, alisawazisha kila kitu asubuhi moja, ila kipande cha juu kabisa, akalima mistari kutoka juu moja kwa moja mpaka chini, tukapanda mahindi yako. Nilipomwambia maji yatapata njia, alicheka. "Dada, mimi kazi yangu kunyoosha. Mambo ya maji muulize Mungu."

Sikubishana naye. Hili linanikera kuliko wewe unavyonikera. Nimesoma udongo na maji miaka mitatu, cheti kiko ukutani, na siku hiyo nilisimama ukingoni mwa shamba nikakupigia picha uliyoiomba. Nikaiona nzuri.

Siku ya sita baada ya kupanda ikanyesha, mchana, wala haikufika saa nzima. Kila mstari ukawa mfereji, na mifereji yote ikaishia kisimani. Fundi wa visima alichungulia, akamgeukia Mama: "Shemeji, shamba lenu lote limo humu. Nikuletee mbegu?" Mama alicheka kwa heshima. Mimi nilishindwa.

Nilipokueleza, ulisema mvua haina mwenyewe, kisha ukauliza kama mahindi yameota. Ukaongeza kwamba trekta litarudi Jumatano kulima na kile kipande cha juu, ambacho ndicho pekee kilichobaki na matuta yake. Mama alinishika mkono. "Mnyamazie, ni mdogo wa baba yako." Amekunyamazia miaka yote kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nimekua nikidhani ni heshima. Ni woga, Baba Mdogo. Anaogopa kwamba siku usiposifiwa utatutupa.

Msalimie Mama Mdogo, na wale pacha, wadogo zangu. Shangazi anakusalimu, ingawa amenituma na maneno mengine ambayo siyaandiki. Mungu akupe afya, na akuongezee masikio.

Jumatano nilimngoja Breki Hakuna langoni, nikamrudisha. Aliniuliza akuambie nini. Nikamwambia aseme binti wa marehemu amekataa. Kisha nikaunda fremu, nikapima mteremko wote mpaka karibu na kisima, na tangu Alhamisi tunachimba: mimi, Shangazi, na kuanzia jana Mama pia, pamoja na mgongo wake. Alichukua jembe tu. Matuta mawili yamekwisha na tumepanda majani juu yake yashike udongo. Yamepinda, na yanakatiza katikati ya mahindi yako. Miche iliyokuwa njiani nimeing'oa kwa mikono yangu, na mbuzi wameshaila.

Ni mimi, mwanao, ninayekupenda wiki hii kwa shida,
Binti wa kaka yako