Sauti ya Msichana wa Katuni

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima, na goti la mama limetulia. Shemeji yako amepaka jikoni rangi ya chungwa. Mama anasema sasa tunaishi ndani ya papai.

Ile albamu yetu imetoka. Wanamuziki wote wanne ni katuni alizozichora shemeji yako, na mle ndani tumechanganya kila kitu: rapu, magitaa ya kelele, hata kinanda cha kanisani. Yule msichana mwenye nywele za zambarau anaimba kwa sauti yangu. Nilimaliza kurekodi siku chache kabla ya kupasuliwa koo. Uvimbe umetoka wote, dada, lakini umeondoka na sauti. Ndiyo maana sipokei simu zako. Usidhani nimekununia.

Jana nilimsindikiza mama saluni, wimbo wetu ukapigwa redioni. Msusi akacheka.

"Huyu wala si mtu, ni kompyuta tu."

Nilifungua mdomo nimjibu, ikatoka pumzi tupu. Mama akauondoa mkono wa msusi kichwani mwake, akageuka.

"Ni mtu. Nimemnyonyesha mimi mwenyewe. Huyu hapa."

Msusi alinitazama, kisha akaenda kuongeza sauti ya redio. Tuliusikiliza wimbo mpaka mwisho, mama kanishika mkono, nywele zake zimesukwa nusu. Nililia, lakini si kwa uchungu mtupu.

Usinipigie, dada. Njoo tukae.

Mdogo wako akupendaye