Mota ya Baiskeli ya Kulala

Jumapili, 13 Julai

Nimefua. Nimepika uji. Nimefagia kiwanda, ua wa ndani ya nyumba, na kama kila siku nimeizunguka baiskeli kwa ufagio bila kuigusa. Leo nikachoka kuizunguka. Nikaweka ufagio chini, nikaipangusa vumbi.

Ni ile baiskeli ya kulala. Magurudumu mawili mbele, moja nyuma, kiti cha kuegama, pedali ziko mbele kabisa na miguu unainyoosha. Mzee mmoja mgeni, mgonjwa wa mgongo, alimwachia mume wangu Shee kwenye nyumba ya wageni ya Shela alikokuwa akilinda. Siku alipoileta, watoto wa Langoni nzima, mtaa wetu hapa Amu, walimfuata hadi mlangoni. Akasema si yake, ni yangu. Kwa sababu ya nyonga yangu. Sikumwamini.

Boksi la mota liko chini ya kitanda. Aliliagiza Mombasa akiwa mzima. Lilifika siku ya tisa baada ya kumzika. Sijalifungua.

Zimebaki siku arubaini na tatu za eda.

Jumanne, 15 Julai

Kaka Athumani, fundi wa mashua, amekuja kutoka Matondoni na samaki na maneno. Samaki tumekula. Maneno ni haya: eda ikiisha nyumba ifungwe, nihamie kwake, kufundisha niache.

Si mtu mbaya. Hesabu zake ni sahihi. Shule yetu ya watoto wadogo iko nje ya mji, kilomita mbili na zaidi, mchanga mtupu. Kwa miguu nyonga yangu inanifikisha kwenye nyumba za mwisho za mji tu. Miaka yote Shee alikuwa akinipandisha punda asubuhi, yeye anatangulia kwa miguu akipiga mluzi. Punda alikuwa wa nyumba ya wageni, amerudi kwa mwenyewe. Hata angekuwepo, kupanda peke yangu siwezi.

Nikamwambia ipo baiskeli. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Hiki ni kitanda, Mwanaidi."

Tukabishana kidogo. Mwisho akasema ikinipeleka shule na kunirudisha bila mtu kunisukuma, hatatia neno tena. Ikinishinda, nifunge mlango tuondoke.

Nataka kubaki. Naandika hapa ili nisijifanye sijui ninachotaka.

Alhamisi, 17 Julai

Kabla ya kufungua boksi nilimuuliza Bi Rukia, jirani yangu, kama kazi ya namna hii yafaa ndani ya eda. Yeye amekaa eda mara mbili, anajua. Alifikiri huku anachambua mchele. "Eda imekukataza wanja na hina na kuzurura. Waya sijasikia."

Nikafungua.

Harufu ya mpira mpya. Gurudumu zima lenye mota katikati. Betri nzito kama mtoto wa mwaka. Kisanduku cha bati, karatasi ya maelekezo inakiita kontrola, ndicho kinachoigawia mota umeme. Kishikio cha kuongeza mwendo. Saa ndogo ya namba. Waya nyingi. Karatasi ni ya Kiingereza kibovu kuliko changu, na mimi niliishia kidato cha pili.

Nilidhani mota ni kitu cha kelele. Hii haina hata pa kutia mafuta. Nilipoizungusha kwa mkono ilinikataa kidogo, tuk, tuk, tuk, kama shanga za tasbihi zinavyopita kidoleni. Karatasi inasema ndani kuna sumaku. Nilikaa nikiizungusha hadi adhuhuri.

Shee alikuwa akijaribu betri za tochi kwa ulimi. Hii nisingemwachia.

Jumamosi, 26 Julai

Gurudumu limeingia. Kaka alikipanua chuma cha nyuma kwa kabari, kama anavyopanua mbao za mashua, polepole, akisikiliza. Karatasi inaonya kwamba mota ikivuta, ekseli, chuma cha katikati ya gurudumu, inaweza kujizungusha na kung'oka. Kwa hiyo akakata bamba la kuishika, kutoka kwenye chuma cha usukani wa mashua iliyokufa. Nati zimekazwa. Anafanya kazi yangu vizuri ingawa anaomba ishindwe. Hilo limenigusa.

Nilipounganisha betri ilitoa cheche, pa! Niliruka. Nilikuwa nimekaa chini na nyonga mbovu, sijui niliruka vipi.

Jumamosi, 2 Agosti

Haizunguki. Inanguruma, inatetemeka, inasimama.

Waya nene tatu zinatoka kwenye mota: manjano, kijani, buluu. Tatu zinatoka kwenye kontrola, rangi zile zile. Nimeunganisha rangi kwa rangi kama mtu yeyote mwenye akili. Kumbe rangi hazikuambizana. Nyuma kabisa ya karatasi pameandikwa kwamba mota nyingine huja na mpangilio wake, ujaribu mwenyewe.

Nikatoa nyuzi tatu za kushonea, nikazipanga mkekani. Vitu vitatu, mipango mingapi? Nimepata sita. Nimerudia. Sita tu. Nikaiandika yote. Ya kwanza imeshindwa, zimebaki tano.

Bi Rukia alipita akaniona nachezea nyuzi. Akadhani huzuni imenipanda kichwani. Akaniletea supu.

Jumapili, 3 Agosti

Mpango wa pili: inanguruma. Wa tatu: kimya, na waya zikapata moto. Nikachomoa haraka. Wa nne: inanguruma.

Wa tano ilizunguka.

Gurudumu liko juu ya vigingi viwili, hewani. Likazunguka bila sauti hadi spoki zikapotea machoni, na upepo wake ukainua pindo la kanga kwenye kamba. Nimecheka peke yangu. Kisha nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshageuka kumwita Shee.

Jumanne, 12 Agosti

Mambo madogo. Cheni ingekula buibui langu. Nimekata dumu la plastiki nikaifunika. Kukaa ni rahisi, unajiachia tu. Kuinuka ndiyo kazi. Kaka amefunga mti wa kushikia kando ya kiti, nimekaa na kuinuka mara ishirini kiwandani. Mara ya ishirini nilikuwa nahema kama aliyetoka kutwanga.

Breki zinafanya kazi. Betri ikijaa saa inaonyesha 54. Sijui 54 ya nini hasa. Karatasi inasema volti. Volti ni nini hasa, karatasi haisemi.

Jumamosi, 16 Agosti

Sanduku limekuja. La mbao, la kuwekea betri na kontrola nyuma ya kiti. Hapa kwetu hewa ya chumvi inaua kila kitu. Redio ya Shee ilikufa kwa kutu, pasi ikafuata, kengele ya mlango nayo ikafuata. Kwa hiyo Kaka amelitia kalafati kama mashua. Kila mwanya umekandamizwa pamba iliyoloweshwa mafuta, hadi kwenye kifuniko. Nilimuomba atumie mafuta ya nazi badala ya yale ya papa, nisifike shule nikinuka. Akalizamisha kwenye pipa la maji nusu saa. Ndani kukavu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikamwambia aiendeshe njiani kidogo, mimi sitoki. Akakataa kabisa.

"Mimi fundi mzima nilale ndiani, watu wanipite juu?"

Kwa hiyo haijawahi kukanyaga mchanga. Kiwandani, hewani, inazunguka vizuri saa nzima. Napenda kuamini hiyo inatosha.

Jumapili, 24 Agosti

Naogopa. Siogopi kuanguka, mtu aliyelala ataangukia wapi. Naogopa kwamba Kaka yuko sahihi.

Pia nina hamu sana ya kujua. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumatatu, 25 Agosti

Eda imeisha magharibi ya leo. Bi Rukia na wanawake wa mtaani walikuja, nikaogeshwa, nikavishwa nguo ya rangi. Walisoma dua. Udi ulinishtua, nilikuwa nimeusahau. Waliniuliza kesho naenda wapi. Nikasema kazini. Na ninaendaje? Nikawaonyesha. Kicheko kilichukua muda. Bi Rukia akasema watu watanisema siku tatu, ya nne watataka kupanda.

Jumanne, 26 Agosti

Niandike yote kwa mpango.

Nimetoka saa moja asubuhi. Kaka alikuwa amelala hapa kwangu. Hakunishika. Alisimama kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, mikono nyuma. Kwenye vichochoro nilipiga pedali tu, mota nimeizima, maana upana unanitosha mimi na ukuta. Punda wawili walinigeuzia makalio nikasubiri. Ukiwa chini hivyo unaona mambo mapya. Magoti ya watu. Paka sawa na uso wako. Mwenye duka mmoja alinisalimia, kisha akatoka nje kuhakikisha alichosalimia ni nini.

Baada ya nyumba za mwisho nikafungua mota. Ilinisukuma mgongoni kwa upole. Sijui nilitegemea nini, labda kutupwa. Ilikuwa kama mtu anakuwekea kiganja. Nilicheka kwa sauti, hapakuwa na mtu.

Kisha mchanga mzito. Mota ikaanza kuvuma, nikazidisha mwendo. Saa ikaonyesha 50, kwa hiyo umeme bado upo. Ikazima. Nikabonyeza kitufe. Ikawaka, ikazima tena. Nusu ya njia, jua limeshakuwa kali, nyuma mbali na mbele mbali.

Nikagusa sanduku. Mbao zilikuwa za moto. Nikaelewa hapo hapo, na nikajiona mjinga. Kiwandani gurudumu lilikuwa hewani, halibebi kitu, kontrola haikuwa na kazi. Hapa inanibeba mimi na mchanga wote wa Amu, inapata moto, na sisi tumeifungia ndani ya mashua. Hewa haiingii. Mtu yeyote wa nchi isiyo na bahari asingefanya kosa hili.

Nilikuwa na bisibisi mkobani, na kibanio cha nywele. Nikainuka, nikaanza kuchokoa pamba. Kaka alikuwa ameikandamiza vizuri sana.

Akaja Bwana Kombo, mchukuzi wa mawe, na punda wake. Akanisalimia kwa adabu zote, akanipa pole ya Shee, akamwombea. Ndipo akauliza.

"Mwalimu, nikukokote?"

Kamba alikuwa nayo begani. Kwa dakika moja ningekuwa njiani. Hakuna ambaye angejua ila yeye, na mimi, na Matondoni nzima kufikia alasiri.

"La, usinikokote wala usinisukume. Lakini kama hutajali, mweke punda hapa. Upande wa jua."

Hakuelewa. Akamweka. Kivuli cha tumbo la punda kikaliangukia sanduku. Kifuniko kikatoka, hewa ya moto yenye harufu ya nazi ikanipiga usoni. Tukasubiri. Bwana Kombo alinisimulia jinsi Shee alivyomkatalia kumpiga punda huyu huyu, zamani, gatini, akamnunulia kamba mpya ya kumwongozea badala ya fimbo. Sikuwa nikilijua hilo. Miaka kumi na tisa ya ndoa na bado kuna mambo yake yako kwa watu wengine.

Baada ya robo saa niliweza kuweka kidole juu ya kontrola. Nikakaa, nikabonyeza. Ikaenda. Sikuzidisha mwendo, nikasaidia kwa pedali. Kifuniko nilikishika mapajani.

Nilichelewa dakika ishirini. Watoto hawakujali kuchelewa. Waliuliza kama naumwa, mbona nimekuja nimelala.

Kurudi niliacha sanduku wazi. Haikuzima hata mara moja. Kaka alikuwa ameshaondoka kwenda kazini.

Alhamisi, 28 Agosti

Amekuja. Habari zilimfikia siku ile ile. Hakukaa. Akainama kwenye sanduku, akapitisha kidole pale nilipochokoa. Najua ilimuuma. Hakuna mtu aliyewahi kufungua kalafati yake ila ikiwa imeoza.

"Mashua huogopa maji yasiingie," akasema. "Hii kumbe huogopa moto usipotoka."

Kisha akauliza la Bwana Kombo. Nikamwambia hakunisukuma wala hakunikokota. Alinipa kivuli.

Akafikiri sana.

"Kivuli hatukukitaja," akasema.

Akaomba chai. Baada ya chai akatoboa sanduku chini, matundu kumi na mawili, na kubandika vipande vya bati kila upande ili hewa ipite na mvua isipite. Kontrola akaitenga na betri. Hakusema tena nyumba wala mlango.

Ijumaa, 5 Septemba

Hakuna shule leo, Ijumaa hatufungui. Nimechaji betri, nimetia cheni mafuta. Kaka ameleta salamu kwamba chumba alichonitengea kule amemrudishia binti yake. Nimefurahi, na nimekaa muda mrefu bila kufanya kitu.

Nimeandika namba za saa kwa siku saba, kwenda na kurudi. Kurudi kunakula umeme zaidi kuliko kwenda. Njia ni ile ile. Huenda ni upepo wa kusi, unanipiga usoni. Huenda ni mchanga, unakuwa mlaini jua likiupata. Au ni mimi, mchana nachoka, kazi ya pedali naiachia mota.

Jumatatu nitapiga pedali sawasawa njia zote mbili, nione.