Ulivyotupungia Siku ya Sendofu Yako

Dada yangu uliyeko Nyabusozi,

Shikamoo. Nakuandikia hapa mbele za watu, kwenye ukurasa wa wapenzi wa katuni za Kijapani, kwa kuwa simu zangu hupokei na najua katuni hujaziacha. Jumamosi ni sendofu yangu, naagwa kwenda kuolewa, hapa nyumbani Mbuba, na tangu juzi situlii. Naanza kupeta maharage, nayaacha, nachungulia barabarani, narudi, nasahau nilichofuata ndani.

Unakumbuka tulivyowagombania wale wasichana wa katuni wenye macho kama visahani? Wewe ulimchukua mwenye upanga na nywele za zambarau. Mimi ukaniachia yule mlialia, eti tunafanana. Kisha ukahamia kwenye vikundi vya wasichana waimbaji wa hukohuko Japani. Gunzi likawa kipaza sauti, na mimi ukanipanga nyuma kabisa. Shangazi aliposikia kwamba wale wasichana hukatazwa kuwa na wachumba, alifurahi kweli: "Basi na huko wana shangazi mkali!"

Kilichokuingia moyoni ni siku mmoja wao anapoacha kikundi. Wenyewe huita kuhitimu. Mashabiki huwasha taa za rangi yake, wanaobaki wanalia, naye anayeondoka anatabasamu na kupunga mikono yote miwili. Tuliitazama ile video mpaka bando likakata. Ukasema, "Na mimi nitaondoka hivyo."

Nilidhani utani. Kwetu bibi harusi huinamisha uso na kulia, hata kama moyoni anashangilia, maana machozi ndiyo heshima kwa waliomlea. Siku ya sendofu yako, wewe ukasimama mbele ya ukoo mzima, ukainua uso, ukatabasamu, ukatupungia. Mimi peke yangu nilijua kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote ulizozijua. Shangazi akapaza sauti, "Anacheka? Kwani kwetu alikuwa anakula mawe?" Mama akainuka, akaingia ndani, hakutoka kukuaga. Nawe ukaapa kwamba hurudi.

Wewe na Mama nyote mna vichwa vigumu, na ninayeumia ni mimi. Miaka yote hii jina lako halitajwi humu ndani, lakini kila anayetoka huko kwenu Biharamulo, Mama humuuliza kama mvua zimeshika Nyabusozi. Ana shamba gani huko? Jana nikachoka. Nikamweleza habari ya kuhitimu, nikamwonyesha ile video. Aliitazama hadi mwisho.

"Kumbe alikuwa ananiaga," akasema. Kisha akaniomba nimrudishie mwanzo.

Dada, njoo. Njoo na watoto, njoo mikono mitupu, njoo hata kama umenuna. Nimekukumbuka mpaka nakukasirikia. Shangazi ameshaniagiza niinamishe uso kuanzia nitakapotoka ndani hadi nipande gari. Nimemwitikia, lakini sitaweza. Nikiinama, nitakuonaje ukiingia?

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja.