Moyo wa Tikiti

Diyarbakır, 28 Julai 1985

Mwanangu Nezir,

Salamu kutoka kwetu. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeapa kunizika kabla ya punda. Huko Ujerumani unalala? Unakula?

Matikiti ya mwaka huu ni ya ajabu. Mto ulipopungua nilichimba mashimo mchangani, nikatia kinyesi cha njiwa kama alivyofanya babu yako, na jana niliuza moja sokoni likabebwa na watu wawili. Jirani yetu Fesih anasema nimeyatia dawa. Nikamwambia, "Lia tu wewe, matikiti yako hata mbuzi anayacheka."

Lakini nyumbani hakuna raha. Mama yako hajaonja tikiti tangu ulipoondoka, na hiki ni kiangazi cha tatu. Jioni anatandika magodoro matatu juu ya paa tulale penye upepo, lako likiwa katikati. Mimi napasua tikiti, mkate na jibini ya chumvi vipo, naye anakaa ananitazama nikila. Kile kipande cha katikati, moyo, ulichokuwa ukitunyang'anya sote, anakifunika kwa sahani. Asubuhi anawapa kuku.

"Nimeweka nadhiri," anasema. "Nitakula siku Nezir atakaponikatia."

Nikamwambia kuku watamzidi unene. Akanirushia kandambili.

Je, mwakani utakuja? Usinijibu kwa mafumbo.

Baba yako,
Sheyhmus


Köln, 15 Septemba 1985

Baba mpenzi,

Nakubusu mkono, na wa Mama pia. Mimi ni mzima wa mwili. Pole na mgongo. Kazi nzito mwachie punda.

Hapa tikiti linauzwa kipande kimoja kimoja, kimefungwa plastiki. Nilikula changu kwa uma, Baba, nimesimama jikoni. Hakuna hata tone lililonifika kiwikoni. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiyazamisha matikiti mtoni yapoe, Mama akinivua shati kabla ya kula ili asifue, na wewe ukishindana nami kutema mbegu hadi kwenye paa la Fesih. Nililia.

Sasa nakujibu bila mafumbo. Kesi imekwisha. Kwa ile karatasi ya kuipinga serikali tuliyotia saini na walimu wenzangu, nimehukumiwa jela miaka kumi na minne. Nikikanyaga huko nakamatwa. Sitakuja mwakani wala baadaye.

Mama usimwambie, itamuua. Msomee haya tu: "Mama, nakuomba kiangazi kijacho ule tikiti, ule na moyo wake, ndipo nami nitashiba."

Mwanao,
Nezir


Köln, 2 Machi 1986

Baba, hamjambo? Nimeandika tena na tena, kimya. Mama anaumwa? Niandikie hata matusi.

Mwanao,
Nezir


Diyarbakır, 9 Agosti 1986

Mwanangu,

Salamu. Tu wazima, Mama yako pia. Nisamehe kwa kimya. Kila niliposhika kalamu niliiweka tena chini.

Barua yako nilimsomea kama ulivyoagiza, maneno yale tu, mengine nikayaruka. Aliniuliza kama maji ya chai yamechemka. Nikashukuru Mungu, nikadhani tumefaulu.

Majira yote ya baridi hakukutaja. Wiki iliyopita nilileta tikiti la kwanza. Akaninyang'anya kisu, akalipasua mwenyewe, akautoa moyo wote na kuula kwa mikono, taratibu, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia, "Umeona? Mwanao anajua kukubembeleza."

Akafuta mdomo.

"Sheyhmus," akasema, "mtoto anayerudi humwambia mama yake asubiri. Huyu ameniambia nile. Mlidhani sitajua?"

Mimi na wewe tulijiona werevu sana.

Sasa anakula kila jioni. Hafuniki kipande tena. Anakula mpaka kwenye ganda, mbegu anazikausha kwa chumvi, na anasifu kwamba ni tamu. Hajalia hata mara moja, na hilo ndilo linalonitisha.

Jana alilifumua godoro lako. Sufu yake amempa mke wa Fesih.

Tikiti ni tamu kweli mwaka huu, mwanangu. Sasa mimi ndiye nisiyeweza kulila.

Baba yako,
Sheyhmus