Taa za Breki Zinazopona kwa Fundi

Jumanne jioni, Emali

Sielewi kabisa. Asubuhi lori nusura linigonge kwa nyuma, dereva akafoka: "Mzee, taa za breki haziwaki!" Nikarudi nyumbani, nikashusha magunia ya ndengu, nikaosha gari, maana nani hupeleka gari chafu kwa fundi? Nikakanyaga breki mbele ya fundi Mutua. Zikawaka zote.

Hii ni mara ya tatu. Balbu mpya, fyuzi nzima. Mutua ananiangalia kama mtu aliyeanza kuzeeka vibaya. Labda ni kweli.

Sasa hivi nimepakia magunia ya kesho, mke wangu Mwende akasimama nyuma, nikakanyaga breki. "Hakuna kitu," akasema. Nikashusha gunia la kona ya nyuma, nikakanyaga tena. Zikawaka.

Gunia na taa vinajuana wapi?

Kesho naenda kwa Mutua na vumbi langu lote, na magunia yote ndani.