Ile Ambargo Uliyoiombea

Baba,

Huko uliko sijui kama redio inafika, basi nikupe habari mimi. Wazungu bado wamefunga mkono, wanasema wanamwadhibu mkubwa wetu wa nchi kwa ukatili wake. Hela haziji, vipuri vya kiwanda haviji, dawa haziji. Ile ambargo, vikwazo hivihivi, uliyoiombea kila Alhamisi katika sala za shirika letu la Wakristo hapa mtaani Panda, umesimama, umefumba macho, Mungu alikupa yote.

Na mkubwa bado yuko palepale. Juzi askari wake wamepita na gari jipya. Sielewi, Baba. Sielewi kabisa.

Nakumbuka siku redio ilipotangaza ambargo. Ulinishika mikono ukacheza, wewe usiyecheza hata harusini! Ulikuwa unamfikiria baba mdogo Donati, ambaye askari walimtoa darasani mbele ya wanafunzi wake, hatukumwona tena. Kisha insulini yako ikaisha hospitalini. Kitandani ukaniambia, "Odile, musibalombe bafungule. Bakaze tu!" Hata wewe ukifa, tusiwaombe wafungue.

Nani alikuua? Mfamasia anasema ni ambargo. Jirani yetu anasema wakubwa walikuwa wakiuza dawa zetu hata kabla yake. Nikimsikiliza huyu namwamini, nikimsikiliza yule namwamini pia. Nakukasirikia, halafu nalia.

Sasa ni mama. Tensio ya damu imepanda, na vidonge vyake vilitoka hukohuko ilikotoka insulini yako. Padre wetu Mbelgiji anakwenda kwao Jumatatu. Jana kwenye shirika alituuliza awaambie nini wenye hela, waendelee kufunga au wafungue? Wote wakanitazama, si nimerithi nafasi yako ya kuongoza sala. Nikasimama kuomba, maneno yakagoma. Nikasema tu, "Ee Bwana," na watu, kwa wema wao, wakaitikia, "Utusikie." Atusikie nini, na mimi sijaomba kitu?

Padre anataka jibu Jumapili. Baba, nitamwambia wafungue. Wezi watakula kwanza, najua. Labda nakosea, labda mkubwa angeanguka mwezi ujao, nani ajuaye? Sikuombi ruhusa. Wewe ulichagua mwenyewe. Mama hakuulizwa na mtu.

Lala salama, baba yangu mbishi. Nakuahidi mkubwa sitampigia makofi hata siku moja. Lakini mama simtoi sadaka.

Binti yako,
Odile